'Masafa mafupi' yanayovuka bahari

MPWA wangu hushinda akilehemu vipuri vya redio kuukuu. Majuzi alisoma kwamba waendeshaji redio wa ridhaa (ridhaa hapa si idhini, ni kufanya jambo kwa mapenzi tu, kama ndondi za ridhaa) huzungumza na wenzao wa mabara mengine kwa "masafa mafupi". Akaniuliza, "Mjomba, mafupi aje na yanavuka bahari?"

Kosa si lake. Masafa kwa kawaida ni umbali baina ya mahali na mahali. Ndiposa tuna wanariadha wa masafa marefu. Kwenye redio neno hili limebebeshwa maana mbili zaidi: urefu wa wimbi, na idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Kinachofupika ni wimbi, si safari. Wimbi la mitetemo milioni 7 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 43 tu, lakini tabaka la ionosfia hulipinda angani na kulirudisha ardhini mbali mno.

Isitoshe, maana hizo mbili hupishana: mitetemo ikiongezeka, wimbi hufupika. Kwa hivyo "masafa ya juu" na "masafa mafupi" huweza kuwa kitu kimoja!

Ningependekeza tuseme mawimbi mafupi, mitetemo tuiite marudio, na masafa yabaki kuwa umbali. Watangazaji na "masafa ya FM" yao sina ugomvi nao. Vitabu vya fizikia ndivyo vinavyonikera.

Mpwa wangu kwa sasa anasikiliza tu. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni.