Unyayo bapa uliokakamaa: Usimwite kijana mvivu

Mtazame mwanao akitoka kutawadha. Mguu wa kawaida huacha kwenye sakafu ya saruji alama yenye uwazi upande wa ndani. Unyayo bapa huacha alama nzima.

Alama hiyo pekee isikutie hofu. Watoto wadogo wengi wana nyayo bapa, na upinde hujijenga taratibu hadi umri wa miaka 10 hivi. Mwambie asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukijitokeza na kisigino kikageukia ndani, unyayo huo unanyumbulika. Kama hauumi, hauhitaji tiba.

Tatizo ni unyayo unaobaki bapa hata hapo, hasa kwa kijana wa miaka 8 hadi 16 anayelalamika maumivu chini ya kifundo, anayeteguka mara kwa mara, au anayeshindwa kutembea kwenye matuta ya shamba la pamba. Mara nyingi sababu ni mifupa miwili ya nyuma ya mguu kutotengana tangu akiwa tumboni mwa mama. Utotoni daraja hilo ni laini. Anapokua hugeuka mfupa, na mguu hukakamaa. Si uvivu, wala hakurogwa.

Tiba huanza kwa kupumzisha mguu, dawa za maumivu, soli maalumu, au plasta ngumu kwa wiki 4 hadi 6. Plasta isilowe, muulizeni sheikh namna ya kutawadha nayo.

Maumivu yasipokoma, hufanyika upasuaji. Kijana hupewa nusu kaputi, daktari hukata lile daraja na kuweka mafuta au msuli wake mwenyewe katika nafasi hiyo ili mifupa isiungane tena. Kisigino kikiwa kimepinda sana, mfupa wake hukatwa na kunyooshwa. Lakini viungo vikishalika, mara nyingi hubaki kuviunganisha moja kwa moja. Maumivu hupungua, ila mguu haugeuki tena pembeni. Hiyo ndiyo hasara ya kuchelewa.

Mkazi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, uulizie eksirei ya mguu. Ikibidi, omba rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Mpeleke mapema, kabla viungo havijalika.