Meno ya Plastiki na Presha ya Jicho: Kazi ya Maneno katika Tiba

Mama mmoja aingia zahanati asubuhi akiwa amembeba mtoto wa miezi 6. Mtoto ana homa, anaharisha tangu juzi, na ananyonya kwa uvivu. Tabibu amfungua kinywa na kuona ufizi umeinuka kidogo pande zote mbili, pale chonge zitakapoota. Mama aulizwapo maradhi yalivyoanza, haanzi na habari ya kuharisha. Asema: "Ana meno ya plastiki. Nyumbani wanataka yatolewe kabla hayajamwua."

Hapo ndipo mtihani wa tabibu unapoanza, nao si mtihani wa dawa. Akicheka, au akimkemea mama kwa ujinga, amekwisha kushindwa. Mama atapokea alichopewa, ataaga kwa adabu, na jioni mtoto atapelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoki ya baiskeli iliyonolewa.

Jina la meno ya plastiki linajulikana sana Tanzania, lakini desturi yenyewe ni pana kuliko jina hilo. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari zake kutoka kwa Waacholi wa Uganda. Taarifa za namna hiyo zimepatikana Kenya, Sudan, Ethiopia na Somalia, na hata Israeli, miongoni mwa watoto wa wahamiaji waliotoka Ethiopia. Matabibu wa meno wa Tanzania walikuwa wakichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Je, hiyo plastiki ni kitu gani hasa? Meno ya utotoni ni 20, wala hayaanzi kuumbwa siku yanapotokeza. Chonge ya utotoni huanza kupata madini mtoto angali tumboni. Taji lake hukamilika apatapo miezi 9 hivi, na jino lenyewe hutokeza ufizini kati ya mwezi wa 16 na wa 23. Basi chipukizi linalofukuliwa katika mwezi wa 5 au wa 6 ni jino changa: jeupe, laini, limezungukwa na utando, na halijakomaa. Mtu aliyezoea meno magumu akilitazama kiganjani haoni jino, bali kitu kama kipande cha plastiki. Macho yake hayakumdanganya. Kilichokosekana ni maelezo.

Tena kuna sababu ya homa na kuharisha kuandamana na uvimbe huo. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na kinga hiyo hupungua sana kufikia miezi 6. Wakati huo huo huanza kupewa uji na maji, hujifunza kukaa na kutambaa, na kila akiokotacho hukitia kinywani. Vijidudu vya kuharisha havihitaji mlango mpana zaidi ya huo. Uvimbe wa ufizi na maradhi ya tumbo hufika katika msimu mmoja, kama wageni wawili wanaoshuka katika basi moja bila ya kujuana.

Mwanafunzi wa sayansi aipime hoja ya upande wa pili pia, kwa maana ina nguvu yake. Wazazi husema kwamba walimtoa mtoto meno, naye akapona. Ni kweli, alipona. Lakini kuharisha kwingi kwa watoto wachanga hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na mtoto hupelekwa kung'olewa pale hali inapokuwa mbaya kuliko siku zote, yaani pale ambapo mara nyingi ilikuwa karibu kugeuka. Anayetaka kujua kama kung'oa kunaponya hana budi kuwatazama pia watoto walioharisha na wasing'olewe. Imani ya namna hii ni ngumu kuishinda kwa sababu ina jibu kwa kila tukio: mtoto akipona, ni kwa kuwa meno yametolewa, akifa, ni kwa kuwa yalichelewa kutolewa.

Madhara yake, kwa upande wa pili, hayahitaji mabishano. Mtoto mchanga ana damu ipatayo mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 6 ana damu isiyofika nusu lita. Kiasi ambacho mtu mzima angekipoteza bila kukisikia chaweza kumhatarisha. Chombo kisichochemshwa huleta pepopunda na sumu katika damu, na kikitumiwa kwa watoto wengi chaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Na siku ile iliyopotea katika kumtafuta mganga ndiyo siku ambayo mtoto alihitaji maji.

Liko na hasara lingine ambalo mzazi hulikuta baada ya miaka kumi. Chonge ya ukubwani huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi 4 au 5, nayo imelala jirani kabisa na ile ya utotoni. Ncha ya chuma haina macho ya kuzitenganisha. Baadhi ya watoto hawa huja kuota chonge zenye dosari katika enameli, au zilizopinda, au zisiote kamwe. Mwalimu anayeona mwanafunzi wa darasa la kwanza asiye na chonge za chini pande zote mbili, hali meno mengine yamo, ana sababu ya kuuliza kwa upole habari za utoto wake.

Basi tabibu amwambie nini mama yule? Kwanza asikilize. "Mama, pole kwa kuuguliwa. Umefanya vyema kumleta. Watu wa nyumbani wanasemaje juu ya maradhi haya?" Jibu lisikatizwe hata likiwa refu, kwa sababu ndani yake hupatikana jina la mwenye uamuzi: pengine si mama huyu, bali mama mkwe aliyebaki nyumbani. Kisha auguse ufizi pamoja na mama, kidole kwa kidole, na kumweleza kwamba uvimbe ule ni jino linalokua. Mkulima huelewa upesi akiambiwa habari za mahindi. Mbegu ikifukuliwa siku ya nne hutoka na chipukizi jeupe, laini, lisilofanana kabisa na bua. Hakuna asemaye kwamba shamba limeota plastiki.

Baada ya hayo mama apewe kitu cha kufanya, kwa kuwa mzazi mwenye hofu hawezi kurudi mikono mitupu. Aendelee kunyonyesha. Ampe mtoto maji ya dawa ya pakiti kama alivyoelekezwa; pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Aelezwe dalili za kumrudisha mtoto mara moja: macho au utosi kubonyea, kulegea, kushindwa kunyonya, damu katika choo. Mwisho asiulizwe "Umeelewa?", kwa kuwa swali hilo lina jibu moja tu mbele ya daktari. Aombwe kueleza jinsi atakavyomsimulia mama mkwe. Akikosea vijiko, kosa ni la mwelezaji, naye aanze upya.

Katika chumba cha macho mambo hugeuka. Kwa meno, watu wanatibu kisicho maradhi. Kwa presha ya jicho, wengi wanaacha kutibu maradhi yaliyopo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kutoka vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, ulikuta maradhi haya kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Kwa kawaida hayaumi. Maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hukosa njia nzuri ya kutoka, msukumo huongezeka, na neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni 1, huanza kufa uzi baada ya uzi. Nuru hupotea kwanza pembezoni, ambako mtu hatambui. Kilichokufa hakirudi.

Jina lenyewe limezidisha tatizo. Mgonjwa akisikia "presha" aweza kudhani ni ile ya damu, akapunguza chumvi na kuiacha dawa ya matone. Au huitumia mwezi mmoja, akaona kwamba hajapata nafuu, akaacha. Hakuelezwa kwamba dawa ile haikusudiwi kumwongezea nuru, ila kumlindia iliyobaki, na kwamba itatumika maisha yake yote. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko chupa yenyewe, nayo isemwe siku ya kwanza, si siku arudipo akiwa ameshikwa mkono na mjukuu.

Kutia matone nako hufundishwa kwa kutenda. Mgonjwa aangalie juu, avute chini kope la chini, atie tone 1 tu, kwa sababu jicho haliwezi kushika zaidi. Afumbe macho bila ya kuyakaza, abonyeze pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke kooni. Kama ana dawa ya pili, angoje dakika 5. Afanye mwenyewe mbele ya muuguzi. Mikono ikitetemeka, afundishwe yule anayeishi naye. Na kabla hajaondoka aulizwe ana ndugu wangapi na watoto wangapi, kwa sababu maradhi haya huandama ukoo, na mtu wa kuwaambia waje kupimwa ni yeye.