Chuma cha kale si cha kukimbiza kwa mnunuzi

MKULIMA wa Nyamuswa, wilayani Bunda, akikuta kichwa cha mkuki chenye kutu wakati akichimba shimo la choo, huenda wazo lake la kwanza likawa kumtafuta mnunuzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu kufanya hivyo. Kifaa kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 hakiuzwi wala kupelekwa nje bila kibali; aliyekiona hutakiwa kutoa taarifa serikalini, na anayechimba makusudi kuvitafuta sharti awe na leseni.

Nchini Uingereza, wakusanyaji wa vyuma vya enzi za Waanglo-Saxon na Waviking huruhusiwa kupita mashambani na mashine za kunasa madini, mradi mwenye shamba ameridhia. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1996 inawalazimu kutangaza hazina wanayoipata.

Kinachopotea si thamani ya madini peke yake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana pamoja sarafu zaidi ya 2,000 za fedha na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani, lakini hazina tarehe. Umri wake, karne ya 11, ulikadiriwa kutokana na dinari za Wafatimia zilizolala nazo. Lau dhahabu hiyo ingetangulia kufika kwa sonara (na ndiyo huuzika upesi), watawala hao wangebaki majina matupu.