Moshi ya maji na moshi ya shemine: safari yetu ku Mosi-oa-Tunya

Mbele ya kufika, tulikuwa tumekwisha kuiona. Bisi ilikuwa ingali mu barabara, kilometa kama kumi mbele ya maporomoko, na dereva akatuonyesha kwa kidole: moshi nyeupe ilisimama juu ya miti, mu mbingu yenye haikukuwa na wingu hata moja. Watoto wakapiga kelele: « Moto! Moto! » Wazee hawakusema kitu. Sisi watu wa Lubumbashi, tukiona moshi inasimama juu ya muji, hatuwaze moto. Tunawaza kazi.

Tulikuwa watu makumi mbili na nane: wafanyakazi wa migodi, wazee wa pansio, mabibi, wajane wawili na watoto. Kwa miezi kumi na moja tuliweka franka kidogo kidogo mu likelemba ya sendika juu ya ile safari. Kuko wenye walicheka: « Banasendika banaenda kutembea sawa bazungu? » Ndiyo, tulienda kutembea. Mutu mwenye kushinda mu shimo ao mu moto ya fonderi, naye ana haki ya kuona maji. Lakini kulikuwa pia sababu ingine. Tulisikia kama Livingstone, ku Zambia, ni muji wenye ulipoteza viwanda vyake, kisha ukasimama tena. Tulitaka kuona kwa macho yetu: ulisimama namna gani, na nani alisimama nao?

Barabara ya mukuba

Ku Kasumbalesa tulikuta kile kila mutu anajua: kilometa na kilometa ya makamyo, na mukuba yetu juu yao, inangojea kupita mupaka. Tukafuatana nayo Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Kapiri Mposhi kamyo zingine zikageuka kuelekea Dar es Salaam, zingine zikaendelea na sisi kuelekea kusini.

Tukapita Kabwe, yenye zamani ilikuwa inaitwa Broken Hill. Pale walichimba risasi na zinki tangu mwanzo wa miaka ya 1900 mpaka mwaka 1994. Mugodi ulifungwa, kampuni ikaenda, lakini vumbi ya risasi ilibakia mu udongo wa mitaa, na mpaka leo watoto wanaipata mu damu. Hatukushuka mu bisi, lakini tuliongea juu ya Kabwe saa nzima. Mahali pa kazi pakifungwa, kuko kitu kinabakia siku zote. Neno ni kujua ni kitu gani, na inabakia kwa nani.

Koke ya Wanki

Kati yetu kulikuwa mama mumoja wa commune ya Kenya, mujane, wa miaka zaidi ya makumi saba. Baba yake alitumika mu Union Minière, ku kazi ya kushusha koke mu mawago. Wakati alikuwa mutoto, baba alimuambia kama ile koke inatoka Wanki, na mbele ya kufika kwetu inapita juu ya maji yenye kuunguruma, njo maana iko baridi. Wale watoto waliamini. Wakikuta kipande cha koke njiani, wanakigusa ku shavu.

Mama alikuja juu ya kuona ile kilalo. Na kweli iko pale, ya chuma, juu ya korongo, karibu sana na maporomoko. Ilimalizika mwaka 1905. Makaa ya Wanki, siku hizi Hwange, mu Zimbabwe, yalipita pale juu. Reli ilifika Broken Hill mwaka 1906, Sakania mwaka 1909, na muji wetu mwaka 1910, wakati ulikuwa unaanza tu na jina la Élisabethville. Mwaka 1911 fonderi ya Lubumbashi ikatosha mukuba yake ya kwanza, na mawe ya mugodi wa Étoile. Mawe yalikuwa yetu, mikono ilikuwa yetu na ya ndugu zetu wenye walitoka Rhodesia, Kasai na Ruanda-Urundi. Moto ilitoka Wanki, kupitia hii kilalo.

Mama aliiangalia kwa murefu. Kisha akasema: « Baba hakusema bongo yote. » Mvua ya maporomoko ilikuwa inaangukia mabati na reli, na chuma yote ilikuwa inatiririka maji.

Moshi yenye kuunguruma

Sasa maji yenyewe. Batoka-Leya njo walikaa pale tangu zamani. Jina Mosi-oa-Tunya ni la Kikololo, maana yake « moshi yenye kuunguruma ». Angalieni ile neno: mosi, moshi. Hatukuhitaji mutu wa kutugeuzia. David Livingstone alifika mwaka 1855 na akapatia maporomoko jina la malkia wake, Victoria, lakini jina la kwanza halikufa. UNESCO iliyaandika mu liste ya urizi ya dunia mwaka 1989, na majina yote mawili.

Zambezi inafika pale ikiwa pana na mupole, sawa mutu mwenye hana haraka. Kisha udongo unakatika. Maji yanaanguka metre 108, ku upana wa metre 1 708. Mu mwezi wa ine, wakati muto umejaa, wanahesabu lita kama milioni 500 kwa kila dakika moja. Yanaanguka mu korongo nyembamba, yanapiga chini, na pumuzi yake inapanda juu zaidi kuliko mahali yalitokea. Njo ile moshi tuliona ku barabara.

Kuko kilalo kidogo ya miguu kati ya majabali mawili. Tulivaa ma imperméable ya kukodisha, haikusaidia kitu. Mvua inatoka chini, inatoka pembeni, inaingia mu shingo. Huwezi kusikia mutu mwenye eko karibu yako. Muzee wetu mumoja, mwenye alitumika miaka makumi tatu ku konsantrateri na masikio yake yaliharibika na kelele ya mashini, alicheka akatuambia kwa mikono: leo wote muko sawa mimi.

Mutu mwenye anataka kwenda achague wakati. Mu mwezi wa ine maji ni mingi mpaka hauone vizuri. Mwezi wa saba ao wa munane unaona jabali na maji pamoja. Mu mwezi wa kumi na wa kumi na moja, upande wa Zambia unabakia karibu jabali tupu. Mugeni analipa bei ya mugeni, si bei ya mwana-inchi. Muiweke mu hesabu ya likelemba.

Muji wenye ulipoteza viwanda

Siku ya pili tulitembelea muji. Livingstone ulikuwa muji mukubwa wa Rhodesia ya Kaskazini mpaka mwaka 1935, wakati serikali ilihamia Lusaka. Ulikuwa pia muji wa mbao. Kampuni ya Zambezi Saw Mills ilikata miti ya mukusi mu pori ya Mulobezi, mbali kilometa zaidi ya mia moja, na ikajenga reli yake yenyewe juu ya kuzileta. Mukusi ni mbao nguvu, mchwa haiiwezi. Walipasua traverses za reli, na mbao za migodi. Kama ulitumika mu shimo ya Copperbelt wakati ule, inawezekana mbao za mukusi zilikuwa juu ya kichwa chako.

Pori ikakatwa, kampuni ikafa. Leo, mahali pa ile kampuni, kuko museum ya reli. Ma lokomotivi ya mvuke iko pale mu majani, nyeusi, kubwa, watoto wetu wakapanda wakajifanya machiniste. Sisi wakubwa tulizunguka polepole. Machini ina namba yake na mwaka wake. Tukajiulizana: na wale wenye walikata mukusi, wenye walibeba traverse ku bega mbili mbili, majina yao tutayasoma wapi?

Nyuma ya mbao, Livingstone ilikuwa na viwanda vya nguo. Mu miaka ya 1990 mipaka ilifunguliwa, mali ya serikali ikauzishwa, salaula ikaingia kwa mabalo, na viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Tunajua ile hadisi. Ku kwetu, mu wakati ule ule, Gécamines, yenye mu miaka ya 1980 ilitosha zaidi ya tani 400 000 za mukuba kwa mwaka, ilianguka mpaka chini ya tani 30 000.

Livingstone ilisimama na nini? Na maji. Mwaka 2001 hoteli kubwa zilifunguliwa karibu kabisa na maporomoko. Wageni wengi wenye walikuwa wanapita upande wa Zimbabwe walivuka, juu ya magumu ya ile inchi. Mwaka 2013 Livingstone na muji wa Victoria Falls walipokea pamoja mukutano mukubwa wa dunia juu ya utalii. Leo unaona barabara nzuri, majumba ya zamani yenye kupakwa rangi, soko ya wenye kuchonga miti. Na maji yale yale yanafanya kazi ingine: tangu mwaka 1938 yanazungusha mashini ya umeme, leo megawati 108.

Kazi yenye inafuata mvua

Sisi ni watu wa sendika, hatuwezi kufika mahali bila kuuliza juu ya kandarasi. Jioni tulikaa na kijana mumoja mwenye anatumika mu hoteli moja ya muji. Baba yake alikuwa mu kiwanda cha nguo. Tukamuuliza: wewe na baba yako, nani alikula vizuri? Akawaza. Akasema baba alikuwa na nyumba ya kampuni, na mushahara kila mwisho wa mwezi mpaka siku ya kufungwa. Yeye ana kandarasi ya miezi sita. Wageni wakiwa wengi, wanamuita. Mu 2020, wakati wa Covid, ndege zilisimama na yeye alikaa nyumbani zaidi ya mwaka, anauzisha nyanya. « Lakini niko na kazi, akasema. Ndugu zangu wengi hawana. »

Hatutaki kuvunja ile yenye Livingstone ilifanya. Afazali hoteli kuliko kiwanda tupu chenye popo. Lakini tuliona kama muji unaweza kusimama tena muzuri kabisa, na watu wenye waliujenga wakabakia ku mulango, wanauzia wageni maji ya chupa.

Na sisi?

Sisi tuko na shemine. Tuko na mulima mweusi wa terril, wenye unaonekana mbele ya kitu kingine chote ukiingia Lubumbashi. Moto ya fonderi ya zamani ilizimika mu miaka ya 1990. Tangu mwaka 2000 hivi, ile takataka yenye baba zetu walitupa njo inarudia mu moto, juu ya kobalti yenye ilibakia ndani. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi na ile waliita départs volontaires, kwa feza ya Banque mondiale. Muko wengi wenye munasoma hapa wenye mulitia sinyatire.

Siku moja ile mulima itakwisha. Pale patabakia uwanja mukubwa katikati ya muji, na shemine, na muto wa Lubumbashi wenye unapita pembeni, unaenda kuingia mu Kafubu, kisha Luapula. Kutakuja watu na ma plan: maduka, hoteli, bustani, museum. Inawezekana itakuwa kitu kizuri. Tunaomba mambo matatu tangu sasa, mbele ya plan kufanywa bila sisi.

La kwanza, muto usafishwe mbele ya kupanda maua. Tuliona Kabwe. Bustani juu ya sumu ni mutego kwa watoto.

La pili, watoto wa makambi waingie mu kazi ya pale, na kandarasi ya kweli, si kazi ya siku kwa siku.

La tatu, majina. Lubumbashi ina museum, na tangu mwaka 2000 université na wakaaji walianza kukusanya ukumbusho ya wafanyakazi mu kazi yenye iliitwa Mémoires de Lubumbashi. Mwana wa muji, Sammy Baloji, alionyesha dunia nzima, mu mapicha yake, wafanyakazi wa zamani wamesimama mbele ya viwanda vilivyokufa. Lakini mugeni akifika leo ku terril, nani atamuambia kama mu mwezi wa kumi na mbili wa 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, na kama tarehe 9 waaskari waliwapiga risasi ku uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi akafa pale na wengine wengi? Lokomotivi ya Livingstone ina namba yake. Mutu asikose jina.

Tulirudi siku ya sita, jioni. Njia nzima mama alilala, imperméable ya kukodisha mu mikono yake. Alikuwa amesahau kuirudisha. Watoto njo wa kwanza kuona shemine. Wakapiga kelele tena, lakini hii mara hawakusema moto.

Tunaanza liste. Kila mutu mwenye baba yake, babu yake ao mume wake alitumika ku fonderi ya Lubumbashi, alete jina, kazi yenye alifanya na miaka yake kwa délégué wa sendika mu kambi yake. Kama kuko livret ya kazi ao picha, tutaandika na kuirudisha siku ile ile. Jina la kwanza liko limeandikwa: ni la ule muzee mwenye alikuwa anashusha koke ya Wanki.