Ushia si Dini ya Waajemi

Nimewasikia wanafunzi, na hata walimu kadhaa, wakishikilia kwamba Usunni ni wa Waarabu na Ushia ni wa Waajemi. Dai hilo silikubali hata kidogo.

Mtume Muhammad alipofariki mjini Madina mwaka 632, swali lilikuwa moja: nani ashike uongozi baada yake? Wengi walimpa Abu Bakr kiapo cha utii. Wengine waliona haki hiyo ni ya Ali, binamu na mkwe wa Mtume. Karibu wote hao Waarabu. Husein bin Ali alipouawa Karbala, nchini Iraki, mwaka 680, waliomwua walikuwa Waarabu vilevile.

Uajemi, kwa upande wake, uliishi karne nyingi wakazi wake wengi wakiwa Masunni. Imamu Muslim, ambaye mkusanyo wake wa hadithi waheshimiwa mno na Masunni, alitoka Nishapur. Ghazali alizaliwa Tus. Miji hiyo imo katika Irani ya leo! Ni Shah Ismaili wa ukoo wa Safavi aliyeufanya Ushia madhehebu ya dola, kuanzia mwaka 1501, wala hakutegemea mahubiri peke yake. Upanga nao ulifanya kazi. Majirani zake wa magharibi, Waturuki wa Uthmaniya, walikuwa Masunni. Madhehebu yakawa mpaka wa wafalme.

Na katika vita vya Iraki na Irani, 1980 hadi 1988, askari wengi wa Iraki walikuwa Mashia. Mwalimu anayeshikilia dai lile atawaelezaje wanafunzi wake habari za askari hao?