Aliyekosa Nafasi Naye Ana Haki

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapokwisha kutangazwa, visiwa vyetu huingia katika msimu wa kusubiri majina. Kama ulivyo msimu wa karafuu, nao una furaha yake na majonzi yake. Barazani, sokoni na ndani ya boti itokayo Mkoani kuja Malindi, mazungumzo huwa ni yayo kwa yayo: nani amepata chuo na nani amekosa. Kisha hufuata swali la tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: yule amepata kwa njia gani?

Swali hilo la tatu ndilo tunalokusudia kulizungumza leo. Mzazi anayeliuliza si mfitini. Amemsomesha mwanawe kwa jasho la shamba au la ngalawa, na sasa ameambiwa kwa neno moja tu kwamba mwanawe hakuchaguliwa. Asipopewa sababu, hujitungia yake mwenyewe, na anayojitungia daima ni moja: kujuana. Hapo hata chuo kilichotenda haki huhesabiwa kuwa kimedhulumu, kwa kuwa haki iliyofungiwa kabatini mwa Mrajis haiwezi kumtuliza mtu wa Micheweni wala wa Makunduchi.

Tukumbuke tulikotoka. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hapakuwa na chuo kikuu hapa Visiwani, na kijana aliyetaka shahada ilimlazimu avuke bahari kwenda Dar es Salaam au nchi za nje. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kikaundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999. Mlango uliokuwa ng'ambo sasa uko jirani. Lakini mlango ukiwa jirani, kila apitaye huonekana, na kila arudishwaye huonekana pia. Ndiyo maana vyuo vyetu vina wajibu mzito zaidi wa kueleza.

Kanuni zenyewe hazikufichwa. Elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na vyuo vikuu vya Visiwani, sawa na vya Bara, hufuata sifa za chini zinazowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo hutoa mwongozo wake kila mwaka. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita katika miaka ya karibuni, kwa ujumla hutakiwa awe amefaulu masomo mawili yanayohusika na shahada anayoiomba kwa alama kati ya A na E, na pointi za masomo hayo mawili zisipungue 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini fitina nyingi huzaliwa humo. Tuchukue mfano wa vijana wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza amepata D mbili: ana pointi 4, naye amefikia kiwango. Wa pili amepata B moja, na katika masomo mengine amepata S, alama ambayo haihesabiwi kuwa ni kufaulu kamili. B yake peke yake ina pointi 4, lakini hana somo la pili, kwa hiyo hakufikia. Jirani atakayesikia kwamba mwenye B amekosa na mwenye D amepata ataapa kwamba pametendeka dhuluma, ilhali kanuni imefuatwa neno kwa neno. Barua ya mistari mitatu ingetosha kumaliza ugomvi huo kabla haujafika barazani.

Lipo na jambo la pili ambalo wengi hawalielewi. Kufikia kiwango ni ruhusa ya kuomba. Kupata nafasi ni habari nyingine. Tuseme chuo kina nafasi 50 za uuguzi, na waombaji waliofikia kiwango ni 300. Hapana budi wapangwe kwa ubora wa pointi, na 250 warudi nyumbani bila ya kosa lolote. Na kiti cha 50 je, kinapogombewa na wawili wenye pointi sawasawa? Hapo ndipo haki ya chuo hupimwa. Ikiwa iliandikwa tangu mwanzo kwamba atatangulizwa mwenye alama bora ya Biolojia, basi mambo yamekwisha. Ikiwa haikuandikwa kitu, kiti hicho kimoja huwa ni mwanya, na mwanya huo ndio mlango wa kimemo.

Kimemo tunakijua sote. Hapo zamani kilikuwa kikaratasi chenye maneno machache: "Mwangalie huyu kijana wetu." Leo kimevaa nguo mpya na huja kwa simu, lakini tabia yake ni ile ile. Na wahenga wa pwani walikwisha kutuonya juu ya ndugu yake kimemo waliposema, penye udhia penyeza rupia. Ofisa anayepokea simu ya namna hiyo yumo katika shida ya kweli, kwani anayempigia huenda ni mkubwa wake au ni mjomba wake. Kanuni iliyoandikwa na kutangazwa humlinda ofisa huyo kama inavyomlinda mtoto wa mnyonge. Humpa neno la kujibu: "Mzee, mkono wangu umefungwa, orodha imekwisha kubandikwa."

Historia ya nchi yetu inatufundisha kwamba hata nia njema huweza kuzaa tatizo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu, na waombaji walitakiwa kupata mapendekezo ya waajiri wao na ya Chama. Nia ilikuwa nzuri: kumtoa msomi katika kiburi na kumkaribisha kwa wafanyakazi na wakulima. Lakini idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka, na haikupita miaka mingi wakaruhusiwa kuendelea kuingia moja kwa moja kutoka skuli. Tunajifunza kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote katika karatasi huenda isiwe sawa katika maisha ya watu, na kwamba si aibu kwa wakubwa kuirekebisha hadharani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisomea stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao. Baadaye Serikali iliwachambua kwa sifa zao. Baadhi wakapelekwa katika vyuo vya ualimu, na wengine wakaambiwa hawakustahili. Hatuna haja ya kufufua mabishano ya wakati ule. Tunachosema ni kwamba swali la sifa linapoachwa liulizwe baada ya mtu kuingia, anayelipa gharama ni mwanafunzi, ambaye aliitwa akaitika.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, badala ya kupitia mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Mabadiliko hayo yamevipa vyuo uhuru, na pamoja na uhuru, dhamana. Yamemletea mwombaji uzito pia, kwani kila chuo kina ada yake ya maombi. Mtoto wa mwenye duka huomba vyuo vinne. Mtoto wa mvuvi huomba kimoja, nacho kikimkataa hana pa kwenda. Aidha, aliyechaguliwa katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa athibitishe kimoja tu kwa namba maalumu anayotumiwa. Asipofanya hivyo kwa wakati hujiweka katika hatari ya kupoteza nafasi yake, na wakati huo huo amekalia viti ambavyo wenzake wanavililia. Haki ya udahili, basi, inamhusu mwombaji vilevile.

Wapo wasemao kwamba mtoto wa Pemba, au wa skuli ya shamba isiyo na maabara, apunguziwe kiwango. Uchungu wao tunaukubali, lakini dawa yao tunaitilia shaka. Anayepunguziwa kimya kimya hutazamwa na wenzake kama mgeni aliyepita dirishani, hata kama akili yake ni kali kuliko yao. Msaada wake uanze mapema: walimu wa sayansi wapelekwe huko, maabara zijengwe, na mtoto aelezwe angali Kidato cha Tatu ni masomo gani yanafungua mlango gani. Na iwapo Serikali itaona ni lazima nafasi kadhaa zitengwe, basi idadi yake na sababu zake zitangazwe kabla ya maombi kufunguliwa.

Kwa wakuu wa vyuo na maofisa wa Wizara tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila kozi itangaze mapema idadi ya nafasi zake na namna watakavyotenganishwa waliolingana. Baada ya hapo asiwepo wa kubadilisha. La pili, aliyekosa aandikiwe sababu: hakufikia kiwango, au alifikia lakini nafasi ziliishia kwa wenye pointi kadhaa. La tatu, pawe na siku maalumu za kusikiliza malalamiko, na asikilizwe na mtu ambaye hakushiriki katika uteuzi. Siku hizo ziwepo Unguja na Pemba pia, ili mzazi wa Wete asilazimike kulipa nauli ya boti kwenda na kurudi kwa ajili ya kuuliza swali moja.

Nanyi wazazi, mnapopewa sababu ya haki, ipokeeni. Msikimbilie kumtafuta mkubwa wa kupiga simu, kwa maana simu inayomwingiza mwanao leo ndiyo itakayomtoa mdogo wake kesho, pindi mkubwa huyo atakapokuwa ni jamaa wa mwengine.

Nafasi hazitatosha mwaka huu, wala mwakani. Vijana wengi wataendelea kurudi nyumbani mikono mitupu. Tunachoweza kuwapa wote ni sababu iliyo wazi, ili kijana arudi akijua la kufanya: arudie somo lake, aanze na stashahada, au aombe kozi nyingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya aliyekosa nafasi ni kuambiwa kwa nini.