Unapiga peke yako? Stereo ya nini!

Hivi mshikaji wangu, wewe unayekamata gitaa na kuimba mwenyewe kwenye mabaa na mahoteli, nani kakudanganya kwamba bila stereo mambo hayaendi? Wiki hii naomba tuliongee hili bila kufichana, maana nimeshaona kijana mwenzetu akikosa ulaji hivi hivi kwa sababu ya stereo.

Kwanza tuelewane. Mono maana yake sauti zote, ya kwako na ya gitaa, zinachanganywa zinakuwa kitu kimoja. Hata ufunge spika kumi, zote zinasema neno lile lile. Stereo ni njia mbili: spika ya kushoto ina mambo yake, ya kulia ina yake. Wengi wanadhani ukishakuwa na spika mbili basi tayari una stereo. Thubutu! Spika mbili zinaweza kupiga mono vizuri tu.

Jamani, nisieleweke vibaya, stereo yenyewe si mbaya. Mwingereza Alan Blumlein, injinia wa kampuni ya EMI, aliomba haki ya ubunifu huo Desemba 1931. Alitaka sauti ya mcheza sinema imfuate pale anapokwenda kwenye skrini, siyo mtu yuko huku na sauti inatoka kule. Akili kubwa! Ila utamu wake anaupata zaidi yule aliyekaa katikati ya spika mbili. Nyumbani kwenye kochi, sawa. Kwenye hedifoni, ndiyo kwake kabisa. Sasa baa, nani anakaa katikati? Katikati wanapita wahudumu na sahani za chipsi kuku!

Haya niliyaona kwa macho yangu kwenye baa moja ya Sinza, jina nalihifadhi. Jamaa anaimba vizuri mpaka unasahau bia yako. Lakini kwenye mikisa alikuwa amelisukuma gitaa lote kushoto na sauti yake yote kulia, eti isikike kama CD. Mimi nilikaa kulia karibu na kaunta, nikawa nasikia mtu anaimba kama anaoga. Nikahamia kushoto, huko nako ni gitaa tupu, na mzee mmoja akauliza, "Huyu kijana ataanza kuimba saa ngapi?" Wiki iliyofuata nikamkuta DJ. Meneja alisema wateja wa upande mmoja walilalamika. Kipaji kipo, kibarua hakuna. Inauma!

Kwa hiyo dawa ni nini? Angalia ile nobu iliyoandikwa PAN kwenye mikisa. Kila chaneli iweke katikati, basi. Aliyeko kona ya choo na aliyeko mlangoni wote wanapata wimbo mzima.

Wapiga kinanda nanyi msikilize. Kinanda nyuma kina matundu mawili ya kutolea sauti, na mara nyingi la kushoto limeandikwa L/MONO. Ukichomeka kebo moja tu hapo, kinanda chenyewe kinakuchanganyia sauti zote. Ukichomeka la kulia peke yake, unaweza kupoteza nusu ya muziki. Nyumbani jaribu kwanza mlio wa piano unaoupenda, kwa sababu milio mingine iliyotengenezwa kwa stereo ikiunganishwa inakuwa myembamba kama uji wa mgonjwa. Ukiona hivyo, chagua mlio mwingine mapema, siyo mbele ya watu.

Je, ufunge spika moja au mbili? Sehemu ndogo, moja inatosha, na wala usione aibu. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa karibu na spika moja na mbali na nyingine, neno lile lile linakufikia mara mbili kwa kupishana. Tofauti ya sentimita 17 tu inatosha kufanya mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde ujipunguze wenyewe. Spika moja haina ugomvi huo. Kama ukumbi ni mpana, funga mbili, kila moja ihudumie upande wake, zote mono. Zipandishe juu ya vichwa vya watu waliokaa, na ziwe mbele ya maiki yako, la sivyo zitapiga mluzi mpaka watu wazibe masikio.

Wakubwa nao waliliona hili. Mwaka 2003 kampuni ya Bose ya Marekani ilitoa L1, mnara mwembamba wa spika unaosimama nyuma ya mwanamuziki. Mtu mmoja, mnara mmoja. Na mkongwe Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo siku hizi inaitwa Likasi, alitikisa Afrika kwa gitaa moja kwenye santuri za mono. Hakuna aliyelalamika kwamba upande wa kulia haupo!

Stereo iache kwa ajili ya studio, au ukumbi ambao watu wamekaa wametulia wanaangalia mbele, na hata hapo sauti yako ibaki katikati.

Halafu piga hesabu za kiutu uzima. Spika moja na gitaa vinaenea kwenye Bajaji. Spika mbili, stendi mbili na makebo, unakodi gari, na malipo ya usiku mzima yanaishia kwa dereva. Kabla watu hawajajaa, mpe rafiki yako gitaa apige, wewe zunguka meza zote. Meza ambayo wimbo haujafika ndiyo itakayokusemea kwa meneja.

Naomba kutoa hoja!